Siku Beseni Lilipoweka Kioo

Vijana wa kituo mmeniomba niandike "uzoefu wa kazi" kabla sijausahau. Sijamaliza hata miezi mitatu tangu nistaafu, na tayari mna wasiwasi kwamba kichwa changu kiliondoka pamoja na funguo nilizorudisha. Basi, naandika. Nawashukuru pia kwa zawadi ya saa ya ukutani. Mtu aliyefika kwenye vipimo saa tatu kamili asubuhi, Krismasi na Pasaka zikiwemo, kwa zaidi ya miaka thelathini, kweli kitu alichopungukiwa ni saa.

Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Za vyeo ni fupi mno, na za mishahara mnazijua.

Kwa atakayeokota karatasi hizi bila kunijua: nilikuwa msoma vipimo wa kituo kidogo cha hali ya hewa, Mbulu, kile chenye uzio wa waya na kibanda cheupe ambacho wageni hudhani ni mzinga wa nyuki. Watu walinipa jina la Bwana Mvua. Mvua ikinyesha, ilikuwa ya Mungu. Isiponyesha, ilikuwa yangu.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Sulle, aliyekuwa akisoma vipimo vile tangu mimi nachunga ndama. Alivaa koti zito lisilo na kifungo hata kimoja, akalifunga kwa kamba ya katani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na pumzi yako?"

Nikasema ndiyo, nikidhani ndivyo wanavyosalimiana watu wa hali ya hewa.

"Basi ukifungua kibanda, izuie. Hapa mwezi wa sita ukikipumulia kipimajoto, kinapanda. Tutapeleka makao makuu joto la uji wako."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo. Zuia pumzi. Jicho liwe sawa na kipimo, lisiwe juu wala chini. Kumbuka kwamba asubuhi za kipupwe, baridi ya ardhini huzidi ya kibandani. Soma nukta kwanza, ndipo usome nyuzi nzima, maana nukta ndiyo inayokimbia mtu akisogea. Andika kwa penseli kwenye daftari la mfukoni pale pale uliposimama, ndipo unakili kwa wino kwenye rejista ukiwa ofisini. Na usifute kamwe. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, kosa lenyewe libaki linasomeka, andika sahihi pembeni. "Kufuta," alisema Mzee Sulle, "ni uongo unaosemwa kwa kifutio."

Kulikuwa pia na lile beseni kubwa la bati, la kupimia maji yanayopotea hewani. Mbuzi wa jirani walilipenda sana. Wiki yangu ya pili niliripoti kwa furaha kwamba Mbulu imekauka kwa kasi ya jangwani, na Mzee Sulle akanipeleka mpaka kwenye beseni, akanionyesha nyayo za kwato kwenye tope. Uzio ulijengwa baada ya hapo.

Safu ya mwisho ya daftari, kule kulia, imeandikwa "Maelezo Mengine". Nilimwuliza inajazwa nini.

"Andika HAKUNA," akasema. "Ukiandika kitu hapo watakuuliza."

Ni somo moja tu baya alilonipa mzee yule, na ndilo nililolishika vizuri kuliko yote.

Miaka ya mwanzo bahari haikuingia kwenye mazungumzo yetu. Tulipima mvua iliyokwisha kunyesha, tukaitaja kwenye simu ya upepo, basi. Baadaye taarifa zikaanza kushuka kutoka juu, na zote zilianza na bahari. Bahari ya Hindi upande wetu imepata joto kupita kawaida: tegemeeni vuli kubwa. Upande wetu umepoa na joto limehamia upande wa mbali: tegemeeni ukame. Zilikuja na maneno ya busara sana, kama vile "mvua za wastani hadi juu ya wastani, isipokuwa maeneo machache yatakayopata chini ya wastani." Taarifa ya namna hiyo haijawahi kukosea tangu iumbwe. Kazi yangu ilikuwa kuipeleka vijijini na kusimama mbele yake.

Mkutano mmoja huko Nambis nilieleza karibu nusu saa jinsi maji ya bahari yanavyoweza kushikwa na joto wiki baada ya wiki, mvuke ukapanda, upepo ukauleta mpaka kwetu. Bibi mmoja aliyekaa mbele akanyoosha mkono.

"Bwana Mvua, hiyo bahari umeshaiona?"

"Bado, bibi."

"Na hao wanaoiangalia, wameshaiona Nambis?"

"Nadhani bado."

"Basi mmepatana."

Walicheka, nami nikacheka, kisha wakapanda mahindi siku ile ile waliyokuwa wamekusudia kabla sijafika.

Bahari niliiona nikiwa na miaka arobaini na sita. Niliitwa pwani kwenye semina ya siku tano, mwezi wa sita, na mada ilikuwa Usahihi wa Takwimu. Lishikeni jina hilo, litatufaa mbele.

Kituo wakati huo kilikuwa na watu wawili, na mwenzangu alikuwa amelazwa Haydom, mguu umevunjika. Nikamwachia mke wangu vipimo. Emiliana, mama yake Neema, ana darasa la saba na macho yanayokamata kijiwe kwenye debe zima la maharage. Nilimfundisha jioni mbili: pumzi, nukta, nyuzi, penseli. Alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi kwa Mzee Sulle, jambo ambalo sikumwambia. Kitu kingine ambacho sikumwambia, kwa kusahau tu, ni kwamba safu ya mwisho huandikwa HAKUNA.

Huko semina mwezeshaji alituonyesha ramani ya bahari iliyopakwa rangi nyekundu. Alisema bahari inapata joto mwaka hadi mwaka, na kuna vipindi joto linapanda ghafla na kukaa, matumbawe yanakuwa meupe, samaki wanahama. Tuliandika yote. Siku ya nne wakati wa mapumziko niliteremka ufukweni, nikakunja suruali, nikaingia mpaka magotini. Maji yalikuwa vuguvugu. Bomba letu mwezi wa sita linakata vidole, kwa hiyo nilisimama mle nikiona raha kama mtu aliyetengewa maji ya kuoga.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga alinitazama kwa huruma.

"Baba, wewe huhisi baridi? Bahari imepoa tangu juma lililopita, kusi haliachi kuvuma. Hata watoto wamegoma kuoga. Na samaki ndiyo hao, hawaonekani."

Nikacheka moyoni. Hawa watu wa pwani, nikawaza, mtu akiwaleta Mbulu kwa siku moja atawarudisha wamefungwa kwenye blanketi. Nikanunua mihogo, nikarudi ukumbini kusikiliza habari za usahihi. Nilikuwa nimesimama ndani ya jambo lenyewe, limenifika magotini, nami nikalidhania kuwa ni ulegevu wa watu wa pwani. Mtu wa pwani asingekosea hivyo. Lilihitaji mtu wa kwetu, aliyezoea maji ya barafu.

Niliporudi Emiliana alinikabidhi daftari kwa mikono miwili. Siku tano, zote zimejazwa. Nikapitisha jicho kwenye namba. Alhamisi, joto la chini kabisa: 1.4.

"Hapa uliona vizuri?"

"Niliona vizuri. Nilizuia pumzi mpaka kichwa kikazunguka."

Nikanakili, nikatuma. Baada ya siku mbili simu ikalia. Alikuwa mkubwa wangu mmoja wa ofisi ya mbali. Simtaji, naye ameshastaafu, nadhani amepewa saa.

"Kituo chako hakijawahi kushuka chini ya nyuzi tano tangu kifunguliwe. Nani alisoma?"

"Mke wangu, mheshimiwa. Mwenzangu yuko hospitali."

Nikasikia kicheko. Kisha vicheko vingine viwili vitatu, maana alikuwa ameiweka simu sauti ya nje.

"Bwana, huyo mama ameacha tarakimu. Hiyo ni kumi na moja nukta nne. Rekebisha, utume upya."

Cheti changu cha Usahihi wa Takwimu kilikuwa mezani, bado sijakitafutia fremu. Nikachukua penseli, nikaongeza moja mbele ya ile moja. Sikufuta, na wala sikupiga mstari. Kijiti kimoja chembamba, basi, kisha nikaandika ukurasa mpya wa rejista kwa wino mzuri.

Jioni nilimkuta Emiliana anachambua maharage.

"Mama Neema, siku ile uliacha tarakimu."

"Ipi?"

"Ya mbele. Ilikuwa kumi na moja nukta nne."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo. "Baba Neema, mimi niliona moja. Viazi vya bondeni vimekuwa vyeusi kama vimepikwa. Hukuviona ulipokuwa unakuja?"

"Kipimajoto hakisomi viazi," nikamjibu.

Nilijivunia jibu hilo kwa siku kama mbili.

Mmetaka uzoefu, basi chukueni na huu. Sikubadilisha ile namba kwa sababu nilimtilia shaka. Nilimwamini. Viazi niliviona. Niliona aibu ya vicheko vile kwenye simu, na ilikuwa rahisi zaidi mke wangu aonekane hajui kusoma kuliko mimi kumwambia mkubwa kwamba yeye ndiye hajui. Ni aibu ndogo sana ukiipima, haifiki hata nukta moja, lakini iliniendesha.

Wiki chache baadaye wakulima wa bonde la Bashay waliomba mbegu za msaada, kwa kuwa maharage yao ya mwisho na viazi vilikuwa vimeungua kwa baridi. Waliopokea maombi wakaniandikia: je, baridi ya kuunguza mazao ilikuwepo? Nikafungua rejista, nikatoa nakala, nikagonga muhuri. Joto la chini kabisa, 11.4. Maombi yakarudi yalikotoka.

Mzee Boay alikuja kituoni siku ile ile. Alikuwa na ekari moja na nusu ya maharage huko Bashay, na watu saba wa kulisha. Hakuingia. Alisimama nje ya uzio, kofia mkononi.

"Bwana Mvua, wanasema chombo chako hakikuona baridi."

"Ndivyo kinavyosema, mzee."

"Haya. Basi maharage yangu yamejiunguza yenyewe."

Akavaa kofia, akaondoka. Msimu uliofuata alipanda nusu ya shamba kwa mbegu alizopewa na nduguze. Nusu nyingine ilibaki na magugu, na ilikuwa kando ya njia ninayopita Jumapili nikienda kanisani. Nilianza kupenda ibada ya kwanza, ile ya ukungu, ambapo mashamba hayaonekani vizuri.

Na Emiliana hakuingia tena ndani ya uzio. Nikiugua na mwenzangu hayupo, alimwita jirani akasome. Hakunigombeza, hakununa, chakula kilikuwa kwa wakati. Ila asubuhi za baridi, akinimiminia chai, alisema kwa upole, "Naona kama kuna baridi leo. Lakini sijui, mimi huwa naacha tarakimu." Miaka kumi na minne. Angenifokea siku moja ningepona mapema.

Kazi iliendelea. Vipimo vya kujisoma vyenyewe vilikuja, vikaharibika, vikaja vingine. Habari za bahari zilizidi kuja kila msimu. Kuna vuli iliyokuja na mvua hadi barabara zikageuka mito, baada ya bahari ya upande wetu kukaa na joto miezi mingi, na mwaka huo watu waliniamkia kwa heshima kubwa. Mwaka uliofuata ukame ukaja, heshima ikarudishwa.

Mwaka wangu wa mwisho, mwezi wa tatu, akaja mtafiti kutoka pwani. Zuhura, binti wa umri wa Neema wangu, amevaa ushungi na sweta mbili, meno yanagongana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karibu. Hili ndilo joto letu."

Alifungua kompyuta yake, akanieleza anachotafuta. Watu, alisema, wakisikia bahari inapata joto wanafunga daftari, wanadhani habari imeisha.

"Lakini mzee, mtu mwenye homa si hutetemeka pia? Bahari nayo ni hivyo. Inazidi joto mwaka hadi mwaka, halafu mwezi wa sita kusi likivuma kwa nguvu, inapoa ghafla, wiki moja, wiki mbili. Upepo huo huo ndio unaopanda mpaka huku milimani."

Alikuwa amepanga tarehe za baridi ya bahari upande mmoja na vituo vya nyanda za juu upande wa pili. Karibu vyote vilishuka siku nne tano baada ya bahari kupoa. Maana yake mkulima angeweza kupewa onyo mapema, kabla umande haujaganda kwenye majani.

"Ila kituo chako," akasema. "Baridi kubwa kuliko zote nilizonazo, hiki kinaonyesha kumi na moja nukta nne. Kwa hiyo nimeandika kwamba Mbulu haiguswi. Onyo likianza, ninyi hamtakuwemo."

Nikamwambia vipimo havidanganyi. Nilisema hivyo, kwa kinywa hiki.

Akaomba kuona madaftari ya penseli. Nikampeleka nyumbani kwangu, nikamtolea sanduku la bati, nikijua kwamba hakuna mgeni aliyewahi kufika chini ya vumbi la juu. Huyu alifika. Tena alikuwa na tabia mbaya ya kusoma mpaka sehemu zisizosomwa. Alipitisha kidole kwenye safu ya mwisho, ukurasa baada ya ukurasa, HAKUNA, HAKUNA, HAKUNA, mwandiko wangu mzuri. Kisha kidole kikasimama.

Siku tano zenye mwandiko mwingine, wa duara, umejaa mpaka nje ya mistari. Jumatatu: Upepo mkali kutoka kusini, mlango wa kibanda nimeufunga kwa kamba. Jumatano: Ng'ombe wamepunguza maziwa, kuku hawakutoka. Alhamisi: Maji ya beseni yameweka kioo juu. Nimekivunja kwa kijiko cha mbao ili nipime. Majani ya viazi bondeni ni meusi.

Sikuwa nimewahi kuisoma. Miaka kumi na minne daftari lilikuwa kwenye sanduku langu, na mimi niliangalia namba tu.

Zuhura akainua macho. "Mzee, samahani. Hapa Mbulu maji yanaganda kwa nyuzi kumi na moja?"

Nimeulizwa maswali mengi kazini, mengine kwa matusi. Hilo liliulizwa kwa adabu kuliko yote, na ndilo lililonitoa jasho. Jibu lilikuwa tayari mdomoni: aliyeandika hana utaalamu. Nilishalitumia mara moja, na lilifanya kazi vizuri sana. Na pale pale Emiliana akaingia na birika la chai.

"Shikamoo, mama," akasema Zuhura. "Ni wewe uliyeandika hapa?"

Emiliana akaweka birika chini, akauinamia ukurasa.

"Mwandiko ni wangu," akasema. "Namba sijui. Mimi huwa naacha tarakimu."

"Hakuacha," nikasema.

Wote wawili wakanitazama.

"Ilikuwa moja nukta nne. Hiki kijiti cha mbele nilikiweka mimi. Aliona sawasawa, nami nilijua ameona sawasawa, nikakiweka."

Emiliana akammiminia mgeni chai, akaniwekea na mimi kikombe, akatoka. Nikachukua penseli. Nikapiga mstari mmoja juu ya 11.4, kosa likabaki linasomeka, nikaandika 1.4 pembeni na sahihi yangu.

Makao makuu niliwaandikia barua nikieleza yote. Walijibu haraka kuliko siku zote: wakanikumbusha umuhimu wa usahihi wa takwimu, na kunialika kwenye semina.

Nikaenda Bashay kwa mguu. Mzee Boay alikuwa anaanika mahindi, amezeeka, lakini kofia ni ile ile.

"Mzee, mwaka ule chombo kiliona baridi. Aliyesema hakikuona ni mimi. Mbegu zenu nilizizuia mimi."

Aliendelea kutandaza mahindi kwa mguu.

"Njaa ya maharage yale tulishaila," akasema mwishowe. "Hairudi. Niambie ya mwaka huu."

Ya mwaka huu ilikuja mwezi wa sita, kwenye simu, kutoka kwa Zuhura. "Mzee, bahari imepoa tangu juzi, na upepo umeshika. Waambie." Nikaomba mkutano Bashay siku hiyo hiyo. Nikasimama, nikaeleza: maharage yaliyokomaa yang'olewe leo, viazi vifunikwe nyasi, baridi iko njiani. Watu walinisikiliza kwa utulivu mkubwa, kama wanavyosikiliza matangazo ya kanisani.

"Bwana Mvua," akasema jamaa mmoja wa nyuma, "si wewe uliyesema mwaka ule hapakuwa na baridi?"

Nikasema ni mimi. Wengine wakaanza kuinuka.

Emiliana alikuwa amekaa na akina mama wa jumuiya. Alikuwa amekuja na kikapu chake, akisema anapitia kwa shangazi. Akasimama.

"Mimi ndiye niliyevunja kile kioo kwenye beseni," akasema. "Kwa kijiko. Upepo wa mwaka ule ulikuwa kama huu wa leo, unatoka upande ule ule. Mkitaka ngojeni mvione viazi vyeusi kwanza."

Akakaa. Mzee Boay akavaa kofia. "Mundu wangu uko wapi?" akamwuliza mjukuu wake, na huo ndio ukawa mwisho wa mkutano. Nina vyeti kumi na viwili kwenye bahasha. Walimwamini mwenye kijiko.

Siku ya tatu asubuhi kipimajoto kilisoma 2.3. Bondeni umande uliganda juu ya nyasi walizofunikia, na chini ya nyasi viazi vilikuwa kijani. Ambao hawakufunika waliungua, nao walikuwa wachache. Mzee Boay alinitumia debe la maharage bila salamu yoyote. Nililia kidogo, nikiwa peke yangu stoo, halafu nikayatia maharage kwenye gunia.

Asubuhi ile ya 2.3 nilimwita Emiliana aje akione kipimo mwenyewe. Alisema ana kazi.

Vijana, kuhusu kazi sina mengi zaidi. Zuieni pumzi. Nukta kwanza. Fungeni uzio, mbuzi wa siku hizi nao wamesoma. Na ile safu ya mwisho ijazeni. Vyombo vyenu vipya vinajisoma vyenyewe na kutuma vyenyewe, lakini sijaona hata kimoja kilichotuma habari za kijiko.

Siku yangu ya mwisho, ninyi mkiwa ndani mnapanga viti na kuifunga ile saa kwenye karatasi ya maua, nilitoka saa tatu kwenda kusoma. Nikamkuta Emiliana ameshafungua lango la uzio. Amevaa kitenge cha Jumapili. Hakuniangalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda, akafungua mlango, akainamisha kichwa mpaka jicho likawa sawa na kipimo. Aliizuia pumzi.

"Nukta sita," akasema. Kisha, "Tisa."

"Tisa nukta sita," nikarudia, nikaandika.

Akafunga mlango wa kibanda, lakini hakuondoka. Akaja akasimama begani kwangu, akalishika daftari kwa pembe, akaangalia pale mbele ya ile tisa. Aliangalia kwa muda, kwa macho yale ya kwenye maharage. Hapakuwa na kitu.

"Haya, Baba Neema," akasema. "Sasa unaweza kustaafu."